Wewe Hukupigiwa Mluzi

Mwanangu Damasi,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yako ambaye ni dada yangu wa tumbo moja. Siku ilipokuja habari kwamba umepata kazi, mimi sikufurahi. Nilipiga vigelegele kama wengine kwa sababu mama yako alikuwa amenishika mkono, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta kuni. Kuni zilikuwapo tele. Nilikaa pale nikijiuliza, kwa nini wewe?

Usikasirike mapema. Sisemi kwamba kazi huiwezi. Hesabu unajua na mwandiko wako unasomeka kuliko wangu. Lakini nilikuwapo siku ile mlipoitwa, niliona nilichoona, na tangu siku hiyo kila mtu akikusifu mimi namtazama mara mbili.

Jua bado halijazama. Umekwenda na baba yako kuwaaga wazee wa upande wao, mama yako yuko jikoni, nami nimekaa mlangoni na daftari la shule magotini. Kesho asubuhi utapanda kwenda juu, Newala, na mambo ambayo mtu huambiwa akiondoka nyumbani umeshaambiwa yote, blanketi, dawa ya homa, nani wa kumwamkia na nani wa kumkwepa. Sitayarudia.

Najua utacheka kuona nimekuita mwanangu katika barua, pale ambapo hakuna mtu mzima wa kukulazimisha uitike. Ulizaliwa kabla yangu kidogo, na bibi yako alikuwa akininyonyesha mimi huku binti yake akikunyonyesha wewe, katika ua mmoja. Lakini mimi ni mama yako mdogo, na umeniamkia shikamoo tangu ulipojua kusema, hata siku zile ulipokuwa umenishikia jiwe. Basi leo naomba uvumilie kuwa na mama ambaye bado anavaa sare ya shule.

Nianze na siku ile ya benchi.

Unakumbuka nilipanda nawe kwa sababu nilikuwa nimefunga shule Masasi, na babu yetu wa Makote alikuwa hajiwezi, nikatumwa kumpelekea unga na chumvi. Ulipoitwa ofisini mlikalishwa kwenye benchi barazani, ninyi mlioomba kazi, nami nikakaa pembeni kukusubiri. Tangazo la kazi lilikuwa limebandikwa ukutani, nami husoma chochote kilichobandikwa ukutani, kwa hiyo nililisoma hadi nikalijua. Lilisema kazi ni mbili, ya karani wa vibarua wanaochimba mitaro ya mabomba ya maji na ya kutunza stoo. Lilisema aje mtu yeyote wa wilaya aliyemaliza shule ya kati, mwenye mwandiko mzuri na afya. Lilisema Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, ameagiza mtu asiulizwe kabila wala dini. Nilifurahi kusoma vile. Nilidhani jambo likishaandikwa vizuri limekwisha.

Kisha karani mkuu akatoka na mtungi wa maji yeye mwenyewe, hakumtuma tarishi. Nilimpenda mara ile ile, Damasi, na hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii.

"Kunyweni kwanza, wanangu," alisema. "Maji ya huku juu yanapanda mlima juu ya vichwa vya mama zenu, kwa hiyo msiyamwage."

Akaniona mimi pembeni. "Na wewe binti, umekuja kuomba jembe?"

Nikasema hapana Bwana, nimemsindikiza mwanangu. Akauliza mwanangu yupi, nikakuonyesha kwa kidevu.

"Jitu lote hili? Ulimzaa ungali tumboni mwa mama yako?"

Benchi zima likacheka, na wewe ukacheka, nami nikatazama miguu yangu. Akanipa kikombe cha kwanza. Ndivyo alivyokuwa. Alimfanya kila mtu ajione yuko nyumbani kwa mjomba wake.

Akamgeukia yule kijana wa kwanza kwenye benchi, yule mwenye kofia. Akamuuliza kwa sauti ya mazungumzo tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Na jando, mwenzangu, ulichezea wapi?"

"Makote, Bwana."

"Kwa nani?"

"Kwa Mzee Nalinga."

Karani mkuu akapiga mluzi mfupi, nusu ya wimbo, akanyamaza. Kijana akaumalizia. Wakashikana mikono, tarishi akapiga makofi mlangoni, kijana akaambiwa aingie ndani akae kivulini. Maneno ya nyimbo za jando siyajui na si haki yangu kuyajua. Lakini mluzi hauna maneno, na hakuna aliyekumbuka kwamba msichana ana masikio.

Wa pili alikuwa Issa, anayetoka karibu na shule yetu. Akasema yeye alitahiriwa nyumbani, mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwapo, wakasoma dua. "Ahaa, vizuri sana," karani mkuu akasema, wala hakumwambia aingie.

Wa tatu alikuwa Matei, yule mwenye chale usoni kutoka paji hadi kidevu.

"Nilichezea ng'ambo, Bwana."

"Ng'ambo ipi? Ulaya?"

"Ng'ambo ya Ruvuma."

Karani mkuu akapiga ule mluzi. Matei akajibu kwa mluzi wa kwao, mrefu, wenye mapinduko. Tarishi akashika tumbo. "Huo si ni wa kuitia mbuzi!"

"Mbuzi wa kwetu wana masikio mazuri, ndugu yangu," Matei akamjibu. "Wa hapa naona wanacheka tu."

Hata karani mkuu alitabasamu. Lakini Matei alibaki nje na Issa, juani, na maswali ya hesabu waliletewa pale pale wakafanyia magotini.

Halafu wewe. Ulisema, "Makote, kwa Mzee Nalinga." Karani mkuu alikutazama. Akauliza, "Wewe ni Damasi wa Lupaso?" Ukasema ndiyo, Bwana. Akakusanya midomo kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Niliona kwa macho yangu. Kisha akailegeza, akakuwekea mkono begani, akasema, "Ingia, mwanangu. Ingia."

Hukupigiwa mluzi. Wote walipigiwa isipokuwa Issa, ambaye alikuwa amekwisha kusema kweli kwamba alitahiriwa nyumbani. Wewe uliyesema ulichezea Makote, hukupigiwa.

Tangu hapo sijalala vizuri. Mimi na wewe na mama yako tunajua kwamba hukuchezea jando Makote wala kokote. Tunajua ulipougua ule ugonjwa ambao siwezi kuuandika, baba yako akiwa mbali kwenye mkonge, mama yako alikupeleka hospitalini kule Ndanda, nami nikafuatana naye kumsaidia kupika. Daktari ndiye aliyefanya kwa ajili ya kukuponya, na aliyekufunga bandeji ni sista. Ukapona. Mama yako akaogopa. Mtoto aliyetahiriwa na kisu cha hospitali mbele ya wanawake, wenzake wangemwita nini? Wazee wangemkalisha wapi? Kwa hiyo ukapelekwa Makote kwa babu ukae mpaka ngoma za mwaka ule ziishe, na ukarudi na nguo mpya kama wengine, na baba yako aliporudi akaambiwa mwanao amechezwa Makote. Naye amelisimulia jambo hilo kwa fahari kwenye kila ngoma tangu wakati ule.

Sikulaumu kwa jibu ulilotoa kwenye benchi. Ulijibu ulivyofundishwa kujibu tangu utotoni. Ninachoshuku ni yule aliyelipokea.

Karani mkuu huburuta mguu wa kushoto kidogo. Siku ile sikuutilia maanani. Nilikuwa njiani kushuka, nimekaa juu ya jiwe kupumzika, ndipo nilipomkumbuka. Katika kile chumba cha hospitali, kitanda cha pili kutoka chako, alikuwapo kijana aliyevunjika mguu, mcheshi, ndugu zake wakimletea miwa. Alikuwa akikumenyea vipande na kukurushia, nawe ukivikosa anakuita kipa mbovu. Mimi alinipa fundo la muwa, kwa sababu fundo ni gumu na mimi nilikuwa mdogo, akacheka nilipolitafuna. Alikuwa akimwita mama yako shemeji. Alikuona ukiletwa na alikuona ukifungwa.

Siwezi kuapa kwamba ni yeye. Watu wengi huburuta mguu. Lakini yule kijana alijua jina lako na kijiji chako, na huyu naye aliyajua kabla hujayataja.

Basi fikiri nami. Kazi zilikuwa mbili. Ya kutunza stoo ya majembe na saruji alipewa yule mwenye kofia, aliyemaliza mluzi. Ya kuandika majina ya vibarua, ya kusema huyu leo achimbe na huyu arudi nyumbani, umepewa wewe. Kama anawapenda watu wa jando lake, kwa nini kazi kubwa hakumpa wa jando lake? Nimeligeuza swali hili kila upande, na jibu linarudi lile lile. Yule mwenye kofia hana anachoogopa. Wewe unacho.

Sidhani atakutishia kamwe. Atakuita mwanangu. Atakuletea maji. Utakuwa umesimama na daftari lako asubuhi, watu wamejipanga, naye atapita karibu na kusema, yule wa ng'ambo leo hapana, Waislamu wa mstari wa nyuma wiki ijayo, yule mchukue ni wa kwetu. Ukitaka kubisha, atasimama tu pale mbele ya watu wote na kupiga mluzi nusu. Nusu tu. Kisha atakutazama na kungoja.

Nimezungumza na Matei. Ndiyo, mimi, nisiyeweza kumwamkia mgeni bila kushika ukuta. Analima palizi kwenye mikorosho ya jirani yetu, na juzi alikuja kuomba maji ya kunywa. Nilimpa kikombe, nikageuka niondoke, nikageuka tena.

"Kwa nini ulisema ng'ambo?" nikamuuliza. "Ungeweza kusema Makote. Mwenzako wa kwanza alishakuonyesha njia."

"Dada, na uso huu?" Alipitisha kidole kwenye chale zake. "Uso wangu umeshajibu kabla ya mdomo. Ningekuwa mwongo mwenye cheti."

Akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha akasema, bila uchokozi, "Mwanao hakupigiwa mluzi."

"Uliona?"

"Benchi lote liliona. Issa ndiye aliyeniambia, tulipokuwa tunafanya hesabu. Alisema, yule wanamjua."

Nilikuwa nimejidanganya kwamba siri ile inatembea na sisi watatu na babu wa Makote tu. Nikamuuliza atafanya nini sasa. Akasema wameambiwa, yeye na Issa, waje Jumatatu na majembe, kazi ya kuchimba ipo kwa kila mtu.

"Kwa kila mtu?" nikasema.

"Ndivyo walivyosema. Mama yangu yuko juu kule na watoto wawili wa marehemu kaka yangu. Kama sitaandikwa Jumatatu, naenda mkonge, na mimi mkonge naujua, baba yangu hakurudi kutoka huko." Akatazama mikono yake. "Anayeandika ni mwanao. Sijui kama nishukuru au niogope."

Nami nilisema tu karibu tena, Damasi, kama kwa mtu aliyeniletea chumvi.

Nikuambie habari yangu kidogo, usidhani nakutazama kutoka juu. Unajua shuleni ninashika funguo za kabati la vitabu. Mmenisifu sana kwa hilo. Sijasema nilivyozipata. Mwalimu alitaka msichana wa kutunza vitabu, akatuuliza darasani, nani hapa baba yake ni mzee wa kanisa? Tukanyoosha mikono wachache, akanichagua mimi. Niliona ni kwa sababu napenda kusoma. Mwaka mzima nimeona hivyo. Kumbe katika darasa letu yuko msichana wa Kiislamu anayesoma hata karatasi iliyofungiwa sukari, na kila Ijumaa huja kabatini kwangu kuomba kitabu, anasimama mlangoni, ananiita mama, mimi niliye sawa naye. Hajawahi kuniuliza kwa nini funguo ziko kwangu. Mimi ndiye nimeanza kujiuliza, na tangu nianze sifurahii tena harufu ya lile kabati. Funguo ningali nazo. Sijajua nifanye nini nazo. Nakuambia ili ujue kwamba kitu cha namna hii ni kitamu mkononi na kinachukua muda mrefu kuchacha.

Na kuna jingine la kazi yako ambalo nililiona nikiwa Makote. Wanawake wanabeba mchanga na maji ya kuchanganyia saruji. Wanashuka bondeni na kupanda tena, na jioni wakipanga mstari, karani aliyekuwapo kabla yako alikuwa anaandika jina la mume. Nilimsikia mama mmoja akimwambia, "Baba, mume wangu amelala nyumbani, aliyebeba ni mimi." Karani akamjibu, "Tangazo linasema mtu yeyote, mama, halikusema mke wa mtu." Watu walicheka kwa sababu alisema kwa utani mzuri. Hata yule mama alicheka. Nimeanza kuogopa utani mzuri. Naona huku kwetu mlango hufungwa kwa utani, kwa kikombe cha maji na kwa habari za nyumbani, na aliyefungiwa hupita akisema asante.

Sikuambii ukatae kazi. Baba yako hana nguvu tena na mama yako anategemea. Wala sikuambii uende ukapigane na mtu mzima siku ya kwanza. Lakini Jumatatu Matei atakuwa kwenye mstari na jembe lake, na wewe utakuwa na kalamu, na yule mtu atakuwa amesimama nyuma yako na nusu ya wimbo mdomoni. Kitu pekee alichonacho juu yako ni kwamba baba yako hajui, na wazee hawajui. Wakijua, watacheka. Watakutania mwaka mzima, labda watakukalisha na watoto kwenye ngoma moja au mbili. Ni aibu, sikatai. Lakini aibu hiyo ni ya siku ambazo zitapita, na ile nyingine ingekuwa kila Jumatatu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii na kuitia katikati ya shati lako jeupe, uikute ukiwa umeshafika juu. Nikaona huo ndio woga wangu wa siku zote, kusema jambo mahali ambapo mtu hawezi kunijibu. Nikaenda jikoni.

"Dada," nikasema, "yule karani mkuu anajua habari ya hospitali."

Mama yako hakugeuka. "Hospitali gani?"

"Unaijua."

Aliendelea kusonga ugali. "Nani kamwambia?"

"Hakuambiwa. Alikuwa kitanda cha pili. Yule wa miwa."

Mwiko ukasimama. "Yule aliyekuwa akiniita shemeji? Mungu wangu, nilimfulia shuka yule mtu!"

Nikamweleza yote, benchi, mluzi, na Matei. Alinigombeza mimi kwanza. "Umekaa na jambo hili siku zote hizi umelifumbata tu?"

"Niliogopa."

"Kila siku unaogopa. Vitabu vyote hivyo vinakufundisha nini?"

Kisha akavuta kuni moja nje ya moto. Nikamwambia nadhani ni wewe wa kusema kwa baba yako, ukiwa tayari, na kwamba nimekuandikia.

"Aseme nini yeye?" akasema. "Siri niliitengeneza mimi. Yeye nilimpa tu aibebe, naye akabeba kwa sababu ni mtoto mzuri." Akafuta mikono kwenye kanga, akanipa mwiko. "Songa. Usiache uungue."

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Njiani. Nikamwambie baba yake kabla hawajafika. Nikiwangoja hapa nyumbani nitawapakulia, halafu nitanyamaza tena."

Ametoka bila viatu. Kutoka mlangoni nimemwona akipita kwenye mikorosho, anakwenda haraka, halafu nimewasikia ninyi mnakuja kwa mbali, baba yako anacheka jambo, na kicheko kikakatika. Mmesimama huko mpaka sasa. Sijui mnasema nini. Ugali nimeuepua, umeshika chini kidogo. Nimetandika mkeka, nimeweka maji ya kunawa, nimewasha taa na kumaliza mistari hii. Barua nimeishika mkononi, nami nimesimama hapa mlangoni nawangoja.

Mama yako mdogo,
Agnesi